Wanyama Aliosomewa Dani

Kinyua Mabango na Maandishi,
Kisumu.
10 Mei 1987

Kwako Awuor,

Natumaini basi halikuwarusha sana mpaka Luanda Kotieno, na kwamba mgongo wa nyanya yako haukuzidi. Wewe humwita dani, basi na mimi nitamwita hivyo.

Ulipoondoka wodini Alhamisi, Wamaitha alikaa akiangalia kitanda chako mpaka wakamleta mtoto mwingine, ndipo akageukia ukutani. Nikienda kumwona baada ya kazi, kabla sijakaa ananiuliza, "Baba, umemwandikia Awuor?" Basi nakuandikia, nipate amani na binti yangu.

Tulikubaliana kila barua iwe na mnyama mmoja kutoka kile kitabu chenu cha picha, tena awe wa sura ya kustaajabisha. Kitabu kimebaki na Wamaitha kwa sababu bado amelazwa, lakini nitakuchorea. Kuchora ndiyo kazi yangu, ingawa watu wa Kisumu hawaniagizi ila kuku wa kuchoma kwenye ukuta wa hoteli na viatu kwenye mlango wa fundi.

Wa leo amechaguliwa na Wamaitha. Anaitwa ai-ai, anaishi Madagaska. Tazama nilivyomchora. Macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, masikio ya popo, manyoya kama ya paka aliyenyeshewa. Lakini kubwa ni kidole cha kati. Ni chembamba kama waya. Anagonga mti kwa kidole hicho, anasikiliza, akisikia mdudu ndani anatoboa kwa meno na kumvuta nje. Watu wa huko wengi humwogopa. Wanasema akikunyooshea kidole utakufa, kwa hiyo wakimwona wanamuua. Wamaitha anasema ni uonevu, kidole chenyewe ni cha kutafutia chakula tu.

Sasa hapa umsomee dani polepole. Umepata sindano mbili, zimebaki nne. Uvimbe wa taya umeshuka haraka mpaka daktari mwenyewe akatabasamu, lakini alisema dawa imefyeka juu tu, mizizi ingali ndani. Sindano ya tatu ni Jumatatu tarehe 25 Mei. Msikose.

Mimi baba Wamaitha,
Zacchaeus Kinyua


Luanda Kotieno.
17 Mei 1987

Kwa Bwana Kinyua,

Natumai wewe ni mzima kama mimi. Sisi huku tuko wazima. Barua yako ilifika shuleni na Mwalimu Absalom akanipa mkononi mbele ya darasa la sita lote.

Jana nilikula mahindi ya kuchoma upande wa taya lililokuwa bovu na hakuna kitu kilitokea. Kabla ya hospitali watoto walikuwa wananiita Mbuta, kwa sababu ya shavu langu kuwa kubwa kama samaki huyo. Sasa wananiuliza ile nyama ilienda wapi. Nikawaambia imeyeyuka. Nywele zangu zimetoka zote lakini Mwalimu Absalom ameniruhusu kufunga kitambaa.

Dani hajui kusoma na baba yangu yuko Muhoroni anaendesha trekta la miwa, mpaka Krismasi. Kwa hivyo mimi ndiye nasoma. Dani alisema rudia hapo kwa kidole. Nikarudia mara tatu. Hata mama Gordon wa boma la jirani alikuja kusikiliza, akasema mnyama kama huyo akija hapa yeye atahama. Nilimsomea dani yote hata tarehe. Amefunga fundo moja kwenye leso yake ili asisahau.

Nina swali. Wanyama kama hao wanajua kama sura yao ni mbaya? Ama ni mpaka mtu awaambie?

Mwambie Wamaitha nitamletea mapera.

Wako,
Awuor


Kisumu.
9 Juni 1987

Kwako Awuor,

Samahani kwa kukawia. Tangu ulipokuja tarehe 25 kwa sindano ya tatu mambo yamekuwa mengi. Mapera uliyoleta Wamaitha alikula mawili.

Nataka ujue mapema kwamba utakapokuja Jumatatu hii tarehe 15 hutamkuta. Tumempeleka nyumbani Murang'a. Mama yake, Wahu, bado yuko huko, mimi nimerudi peke yangu kwa ajili ya kazi. Kitanda chake utaona kina mtu mwingine, usishtuke. Ni kawaida ya hospitali.

Mnyama wa leo nimemchagua mwenyewe, kitabu sasa kiko nyumbani kwangu. Anaitwa aksolotli. Anatoka katika ziwa moja huko Meksiko. Amekaa kama mjusi, lakini rangi yake ni ya waridi kama fizi, na shingoni ana matawi matatu kila upande, ndiyo anayopumulia. Mdomo wake umekaa kama anacheka hata asipokuwa na la kuchekea. Wenzake wa jamii hiyo wakikua hutoka majini na kubadilika sura. Yeye habadiliki. Anazeeka akiwa na umbo la mtoto. Akikatwa mguu, unaota mwingine, kamili na vidole vyake. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi wiki hii.

Mchoro si mzuri.

Tafadhali dani asisahau tarehe 15. Ni sindano ya nne. Nitakuwa pale mlangoni niwapokee.

Zacchaeus Kinyua


Luanda Kotieno.
21 Juni 1987

Kwa Bwana Kinyua,

Habari ya siku nyingi. Sisi tuko salama. Hatukuja tarehe 15 kwa sababu dani aliumwa na mgongo. Pole kama ulisimama mlangoni.

Aksolotli amependwa sana. Dani alisema Mungu alikuwa anacheza siku hiyo. Nimebandika mchoro wako ukutani juu ya mahali ninapolala.

Mama Nabututu alikuja hapa ufukoni kununua omena. Unamkumbuka? Mtoto wake Nabututu alikuwa kitanda cha dirishani, yule mwenye uvimbe mguuni. Tulikaa tukaongea habari za wodi.

Je, Wamaitha anakula vizuri huko Murang'a? Nani anamsomea?

Wako,
Awuor


Kisumu.
29 Juni 1987

Kwako Awuor,

Nilisimama mlangoni ile Jumatatu tangu asubuhi hadi Sista Elsie akafunga daftari lake la majina. Mwambie dani nampa pole ya mgongo. Lakini Sista Elsie anasema hii dawa haingoji. Amewapa siku nyingine, Jumatatu 6 Julai. Kama dani hawezi kusafiri, mama Gordon awaleteni, au Mwalimu Absalom. Hata mtu yeyote mzima.

Uliuliza kuhusu Wamaitha. Anakula. Mama yake ameniandikia kwamba juzi alimaliza sahani nzima ya githeri na mashavu yamerudi. Anasomewa na binamu yake. Anasema umalize sindano zako zote kama yeye alivyomaliza zake.

Mnyama wa leo ni fuko wa Amerika ya kaskazini. Fuko wa huku kwetu unamjua, lakini huyu puani ana nyota. Kweli kabisa. Vidole vya nyama ishirini na viwili, vimeizunguka pua kama ua jekundu, na vinacheza muda wote. Macho yake ni madogo kama punje za ulezi, hayamsaidii kitu. Dunia nzima anaijua kwa kuigusa na hiyo pua. Anagusa, anajua hiki ni chakula, anameza, anagusa kingine, upesi kuliko unavyoweza kupepesa macho. Ukimwona unadhani uso wake umepasuka. Kumbe ndiyo mashine yake.

Uliuliza pia kama wanajua sura yao ni mbaya. Nimefikiri. Nadhani mnyama hajui. Nadhani ni sisi tu tunaoambiana.

Tarehe 6 Julai, Awuor. Msomee dani na mahali hapa.

Zacchaeus Kinyua


Luanda Kotieno.
12 Julai 1987

Kwa Bwana Kinyua,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia Wamaitha amenenepa. Mimi pia nimenenepa.

Leo mimi ndiye nakupa mnyama. Wavuvi walileta kamongo mkubwa, mrefu kunishinda. Wewe ni mtu wa bara, labda hujamwona karibu. Ni samaki lakini amekaa kama nyoka aliyenenepa. Mahali pa mapezi ana kamba nne za nyama zinaning'inia, kama miguu ambayo Mungu alianza akaacha. Alikuwa juu ya mchanga tangu asubuhi, na nilipotoka shule saa saba bado alikuwa hai. Anafungua mdomo, anavuta hewa kama mtu, tena unamsikia. Mzee mmoja alisema ziwa likikauka anajizika kwenye matope, anajifunika na ute wake, anangoja hata zaidi ya mwaka bila kula. Mvua ikinyesha anatoka.

Watoto walikuwa wanampiga na vijiti. Nikawaambia wamwache. Wakasema, aa, huyu ni ndugu yako. Baadaye akakatwa vipande akauzwa.

Kuhusu ile safari, dani amesema hakuna haja ya kurudi. Anasema taya limepona, na mtu aliyepona hachomwi sindano. Usikasirike.

Wako,
Awuor


Kisumu.
20 Julai 1987

Kwa Mama Aoko, dani ya Awuor,

Salamu kwa heshima, Mama. Barua hii ni yako. Awuor, msomee dani yote, neno kwa neno, usiruke. Leo hakuna mnyama.

Mama, sisi hatukujuana ila kwa siku zile chache tulipokaa kwenye benchi moja nje ya wodi. Ulinigawia uji kwenye kifuniko cha chupa yako, nami sijasahau. Ndiyo maana nakusema kama mtu wa nyumbani.

Nasikia umesema mtoto amepona. Mama, hajapona. Uvimbe ukishuka si kwamba umekwisha. Nilimfuata daktari nikamuuliza mwenyewe. Aliniambia wazi kwamba wa Awuor uliwahiwa, uko kwenye taya tu, na watoto wa namna hiyo wakimaliza sindano wengi hupona kabisa, wanakua, wanaolewa. Wakiacha katikati unarudi, na ukirudi hauji kama ulivyokuja mwanzo. Unapanda machoni, unapanda kichwani. Akasema, "Huyo nyanya yake anadhani anamhurumia."

Najua sindano inamtapisha. Najua nywele. Najua ni vigumu kumshika mtoto analia. Lakini nakuomba, na kama kuomba hakutoshi basi nakulaumu. Ukimweka nyumbani, ni wewe utakayemzika.

Mlete siku yoyote. Sista Elsie atampokea bila tarehe.

Zacchaeus Kinyua


Luanda Kotieno.
2 Agosti 1987

Kwa Bwana Kinyua,

Mimi Aoko nimesikia barua yako yote. Asante. Awuor ni mzima kabisa na anacheza. Mungu ameshamponya kwa hivyo usiandike tena mambo ya sindano, yanatusumbua moyo. Andika ya wanyama tu.

Alama ya kidole changu ndiyo hii hapa chini.

Mimi, Aoko.

Pia Awuor anauliza, ni mnyama gani ana jicho moja kubwa kuliko lingine?


Luanda Kotieno.
25 Septemba 1987

Kwa Bwana Zacchaeus Kinyua,

Jina langu ni Absalom Ogola, mwalimu wa darasa la sita. Barua hii nampa dereva wa lori la samaki linaloondoka sasa hivi, aifikishe dukani kwako leo. Mama Aoko na Awuor watafuata kesho kwa basi, nami nitakuwa pamoja nao. Mama Aoko anasema kwa Dholuo, mimi naandika kwa Kiswahili. Lakini kwanza niseme langu.

Shule zilipofunguliwa Awuor hakuja. Wenzake walisema ana macho mabaya. Wiki ya tatu nikaenda kwao. Bwana Kinyua, shavu limerudi mara mbili ya lilivyokuwa, na jicho la kushoto limesukumwa nje. Anajifunika leso uso mzima. Nilimuuliza dani yake kwa nini hakumrudisha hospitali. Akaniambia, "Kurudi kufanya nini? Walisema amemaliza." Nikashangaa, kwa kuwa barua kutoka Kisumu ni mimi nilikuwa nikimkabidhi mtoto. Nikauliza barua ziko wapi. Awuor alianza kulia, akazitoa chini ya mkeka.

Nilizisoma zote kwa sauti, dani akiwa ameketi mlangoni. Nilikuwa nikizitia mkononi mwa mtoto nikijivuna kwamba nina mwanafunzi anayeandikiwa barua. Sikuuliza hata mara moja zinasema nini.

Sasa haya ni maneno ya Mama Aoko.

"Kinyua, nakusalimu. Ile barua ya kwanza nilisomewa mpaka mwisho, nikafunga fundo, nikaenda. Zilizofuata nilisomewa wanyama. Mtoto alifika kwenye mnyama, akamaliza, akasema, 'Dani, imeisha.' Nilisomewa yule anayecheka, na kwamba daktari amesema sindano zimetosha, nikasomewa mwenye nyota puani. Ile isiyo na mnyama, akasema umeandika tu kwamba unasafiri. Alama ya kidole si yangu.

"Leo nimesikia kwamba ulinilaumu. Nimesikia kwamba nilisema maneno ambayo sikuyasema. Nimemuuliza mtoto, 'Kwa nini?' Kisha akasema, 'Wamaitha alikufa. Mama Nabututu alinieleza alivyokufa. Alichomwa zote na akakufa. Baba yake akaniandikia eti anakula githeri.'

"Kinyua, mtoto wako yuko wapi? Kesho utatuona tukishuka kwenye basi. Usinisalimie kabla hujanijibu."

Absalom Ogola, kwa niaba ya Mama Aoko (na safari hii kidole ni chake).


Kisumu.
1 Novemba 1987

Kwa Mama Aoko,

Mwalimu Absalom akusomee, mkiwa nyinyi wawili tu kama inawezekana.

Uliponiuliza pale kituoni nilijibu neno moja, na hukuniuliza la pili kwa sababu mtoto alihitaji kubebwa. Kwa wiki tatu tulipishana kwenye mlango ule wa wodi bila kuzungumza. Halafu tarehe 17 Oktoba ikafika, na mwanao Walter akaja kutoka Muhoroni, mkamchukua Awuor mkaondoka. Nilisaidia kuinua jeneza kwenye lori, sikuthubutu kupanda. Kwa hiyo nasema sasa.

Wamaitha alikufa tarehe 5 Juni, Ijumaa, saa nne asubuhi. Uvimbe wake ulianzia tumboni, nasi tulichelewa. Tulidhani ni minyoo, tukampa dawa za duka miezi miwili. Alipoanza sindano ulikuwa umeshaingia kwenye ini. Daktari alituambia tangu mwanzo kwamba matumaini ni madogo. Si sindano iliyomuua. Na hakumaliza sindano zake. Nilimwandikia Awuor kwamba alimaliza, na huo nao ulikuwa uongo.

Tulimzika Murang'a tarehe 8. Tarehe 9 nilikuwa nimerudi hapa, nikakaa mezani nikamwandikia mjukuu wako kwamba tumempeleka nyumbani. Nilijiambia si uongo. Nilifikiri, akijua mwenzake wa kitanda cha jirani amekufa, ataogopa kurudi. Tena, Mama, kuna jingine ambalo sijamwambia hata Wahu. Nilipoandika kwamba amemaliza sahani ya githeri, nilifurahi. Kwa muda wa kuandika sentensi ile alikuwa anakula.

Unastahili kujua nilichozungumza na Awuor, kwa kuwa ulikuwa umetoka kwenda kufua. Ilikuwa wiki ya pili. Jicho moja lilikuwa bado linaona. Nilikuwa nimechukua kile kitabu, nikamuuliza nimsomee ukurasa gani. Akasema, "Hakuna."

Nikaketi. Akasema, "Mama Nabututu alilia akiniambia. Wewe ukaandika ana mashavu."

Nikamwambia, "Niliogopa utakataa kurudi."

"Nilikuuliza kwanza. Nilikuuliza kama anakula."

"Nakumbuka."

"Kama ungesema ukweli ningekuuliza alikufa kwa nini." Akapumzika, maana kuongea kulimuuma. "Lakini ulisema anakula. Basi nikajua na ile ya kwamba sindano inaponya, ni ya kunifurahisha tu. Kama ya wanyama."

Nikamweleza hapo hapo, habari ya ini, habari ya kuchelewa, kwamba uvimbe wake yeye Awuor ulikuwa tofauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hivyo mimi ningepona?"

Mama, nilitaka kusema sijui. Nikasema, "Daktari anasema huenda ungepona."

Akageuza uso, nikadhani nimemuua mara ya pili. Akasema, "Usimwambie dani kwamba niliuliza hivyo." Nimekuambia, kwa sababu sitaki tena kuwa mtu wa kuchagua ni lipi mtu alisikie.

Kisha akataka nimweleze mazishi ya Wamaitha. Si mnyama, mazishi. Nikamweleza. Kwamba mvua ilinyesha na udongo mwekundu ukashika viatu vyetu. Kwamba mama yake hakulia mpaka tuliporudi nyumbani akaona sweta lake kwenye kamba. Kwamba aliwekewa mapera mawili yaliyobaki, yameshalegea. Awuor akasema, "Yale yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema ni vizuri.

Hayo ndiyo yote. Nilikulaumu kwa barua, na lawama ilikuwa yangu. Siombi kitu. Kama Walter anataka kuja kunipiga, duka langu analijua.

Zacchaeus Kinyua


Luanda Kotieno.
22 Novemba 1987

Kwa Zacchaeus Kinyua,

Naandika mimi Absalom, maneno ni ya Mama Aoko kama alivyoyasema.

"Kinyua, barua yako nilisomewa. Nilimwambia mwalimu airudie, akairudia. Ile ya kwamba aliuliza kama angepona, heri ungeniacha. Lakini umeniambia, basi ninayo.

"Walter alikuwa na hasira, akarudi Muhoroni nayo. Hatakuja kukupiga. Mimi pia ninayo yangu, bado, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Nikiamka asubuhi naanza na wewe, halafu namaliza na mimi mwenyewe. Fundo la leso lilipokwisha, mbona sikuuliza kama kuna tarehe nyingine? Niliona taya limeshuka nikapenda kuliona limeshuka. Mtoto alisema imeisha, nami nilitaka iwe imeisha. Hilo hukuliandika wewe.

"Mchoro wa yule anayecheka bado uko ukutani. Nilitaka kuuchana. Nimeuacha, sijui kwa nini.

"Sasa sikiliza jambo lililonifanya nimwite mwalimu. Mama Gordon wa boma la jirani, mtoto wake amevimba taya. Wiki tatu sasa. Anasema ni jino. Nilimfungua mtoto mdomo nikaona meno yamelegea yote upande mmoja, kama ya Awuor yalivyoanza. Mama yake ameona jeneza likishuka kwenye lori na hataki kusikia neno hospitali. Jana nilikaa naye jikoni kwake tangu asubuhi mpaka akaacha kunifukuza. Nilimweleza yote. Sikumwambia kwamba atapona. Nilimwambia kwamba wangu huenda angepona, na kwa nini hakupona, na nani alificha nini. Alilia, kisha akasema atakuja ikiwa nitakuja naye.

"Tunapanda basi Jumatatu tarehe 30. Mwambie Sista Elsie. Tarehe za sindano zote ziandikwe kwenye karatasi tatu, moja apewe mwalimu, moja apewe mama yake, na moja nipewe mimi, hata kama sijui kusoma. Na wewe uwe kituoni.

"Gordon ana miaka sita. Anaogopa sindano. Usimwambie kwamba haiumi."